Fundi Fagio na Maua ya Mama

Mtaa mzima ulimwita Fundi Fagio, na mwenyewe jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kibanda chake cha simu kilibanwa katikati ya duka la viatu vya plastiki vinavyopasuka kabla mnunuzi hajavuka barabara, na duka la majani ya kupunguza tumbo, ambalo mwenyewe hukaa mlangoni na tumbo lake limemtangulia hatua mbili. Juu ya dirisha aliandika kwa rangi nyekundu: SIMU NZITO? LETE IPUMUE. Vioo alibadilisha, betri alibadilisha, lakini kazi iliyompa jina ilikuwa kusafisha. Watu walimletea simu zilizovimbiwa, zisizoweza kupokea hata picha ya ukubwa wa kucha, naye akazitapisha mpaka zikakaa sawa.

Na zilitapika, jamani. Zilitapika mawaridi, machweo, na vikombe vya chai vinavyofuka mvuke ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuvinywa. Zilitapika daktari asiye na jina wala hospitali, aliyegundua kwamba limau linatibu kila kitu kuanzia kisukari mpaka ndoa. Kulikuwa na video ya kikao cha harusi ya watu asiowajua mwenye simu wala fundi, dakika kumi na nane, mpigaji kaielekeza kamera kwenye viatu vya mwenyekiti. Bwana mmoja wa ofisi kubwa alikuwa na picha arobaini na saba za dari ya chumba chake, alizopiga akitafuta pa kuwashia tochi, pamoja na picha za vyeti ishirini na viwili vya kuhudhuria semina. Fundi alipomwuliza semina zilihusu nini, bwana alifikiri sana, kisha akasema chakula kilikuwa kizuri.

Baada ya hapo aliacha kuuliza.

"Ukimwuliza mtu," alimwambia jirani yake wa viatu, "kila takataka yake ni kumbukumbu. Dawa ni kufuta kwanza, salamu baadaye."

Kanuni zake zilikuwa chache. Chenye alama ya kusambazwa mara nyingi, nje. Chenye ua, nje. Chenye dubu aliyekumbatia moyo mwekundu, nje bila mjadala. Wateja waliondoka na simu nyepesi wakimshukuru, na baada ya mwezi walirudi zimevimba tena, kwa hiyo biashara haikulala. Kwa miaka sita alipitia karibu kila simu ya mtaa ule. Aliyegoma alikuwa mmoja tu, bibi jirani wa wazazi wake aliyeitwa Bi Makopo kwa sababu hakuwahi kutupa kopo, ndoo ya rangi, mfuko wala boksi tangu alipojenga. Fundi alipojitolea kumsafishia simu bure, yule bibi aliikumbatia kifuani kama mtu anayeporwa.

"Unajuaje kama sitakihitaji?" alisema. Fundi alicheka na kisa hicho akakisimulia kibandani wiki nzima.

Lakini kiwanda kikuu cha takataka hizo kilikuwa mama yake mzazi. Siku alipofundishwa kutuma picha kwa watu wengi kwa mkupuo mmoja, ndiyo siku mtaa ulipokosa amani. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na dakika tano, watu thelathini na wanane walipokea ua, au kikombe, au dubu, na maneno ya kuwatakia siku njema. Siku yenyewe hakuipata hata kwa bahati. Jumatatu njema ilikuja Alhamisi. Wikiendi yenye baraka ilikuja Jumanne, watu wakiwa kwenye foleni ya kulipia maji. Fundi aliinyamazisha namba ya mama yake wiki ya pili tu, na kila Ijumaa akafuta kila kilichoingia bila kukitazama.

"Ulipata ua langu leo?" mama alikuwa akimwuliza.

"Nimelipata, mama. Zuri sana."

"Lilikuwa la rangi gani?"

"Jekundu."

"Leo nilituma kikombe," mama alisema, wala hakukasirika. Kesho yake alituma tena.

Baba naye alipokea yake akiwa sebuleni, wakati mke wake aliyeituma yuko jikoni anachemsha maji. Baba huyu alifanya kazi posta miaka thelathini na moja, mpangaji wa barua, na kichwani mwake barua ilikuwa kitu kinachotoka mbali, kina stempu. Ujumbe kutoka jikoni ulimshinda kuuelewa. Simu ililia, akaigeuza kifudifudi, akaendelea na redio. Miaka minne ilikwenda hivyo. Picha zilijiingiza zenyewe ndani ya simu yake moja baada ya nyingine, na mzee hakufungua hata ya dawa.

Kisha mama alifariki. Moyo ulisimama mchana, akiwa anaanua nguo, na hakukuwa na la kufanya. Fundi alilia mpaka sauti ikakauka, kwa maana alimpenda mama yake, tofauti na maua yake. Siku saba baada ya mazishi alijikaza, akaichukua simu ya marehemu, akaisafisha ikawa mpya kama imetoka kwenye boksi, akampa binti wa dada yake aliyekuwa anaanza chuo. Simu nzima itakaaje bure? Ndugu wote walimsifu kwa kuwa mtu wa vitendo.

Miezi miwili na ushee ikapita. Jumatatu moja asubuhi baba akaja kibandani kwa miguu, kanyoosha shati, simu kaifunga kwenye leso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hii imekuwa nzito. Jana kaka yako kanipigia, haikulia. Hebu iangalie."

"Keti hapo, baba. Dakika tano tu."

Baba alikaa kwenye kiti cha wateja, akatazama viatu vya plastiki vya jirani kwa huzuni. Fundi aliifungua simu na mara moja akauona ugonjwa. Picha elfu moja na mia nne na kitu, karibu zote kutoka namba moja. Ilikuwa namba ya mama. Tusimsingizie, hapo kidole kilisita. Alifungua mojawapo, akakuta dubu kashika puto. Mama hakumchora dubu yule, maneno hakuyaandika yeye, na dubu huyohuyo alikuwa amekwisha mfuta katika simu mia tatu. Akajiambia kwamba kumbukumbu za mama ni zile picha zake halisi, ya harusi ya kaka na ile ya kitenge cha bluu, na hizo aliziacha. Nyingine zote akazifagia. Na kwa kuwa alikuwa fundi wa kweli, asiyefanya kazi nusunusu, akaenda mpaka kwenye pipa la ndani ambako vilivyofutwa hukaa siku thelathini vikisubiri kuhurumiwa, akalimwaga nalo.

"Tayari. Sasa inapumua."

"Ahsante, mwanangu," baba alisema. Akaifunga tena kwenye leso yake, akaondoka.

Jumapili fundi alikwenda kumsaidia mzee usafi wa nyumba. Kwenye meza ya redio, akitafuta risiti ya maji, alikuta daftari la shule lenye jalada la kijani, limepigwa mistari kwa rula kama kitabu cha posta. Safu zilikuwa nne: namba, siku ulipotumwa, siku ulipofunguliwa, ndani mna nini. Mwandiko ulikuwa ule wa baba, ulionyooka, wa mtu aliyezoea kuandika akiwa amesimama.

"Na. 1. Ua jekundu. Ijumaa njema. Ulitumwa Jumatatu."

"Na. 17. Kikombe cha chai. Anasema leo ni siku ya ushindi. Ushindi wa nini, hakueleza."

"Na. 40. Dubu. Tena."

"Na. 41. Dubu yuleyule."

"Na. 58. Onyo juu ya kulala karibu na simu. Nimeihamishia simu sebuleni."

Fundi alianza kucheka, mkono mdomoni. Alifika namba sitini na mbili, ua la zambarau, lililofunguliwa Jumatatu ile ile ya kibandani, asubuhi. Baada ya hapo mistari iliendelea kupigwa, tarehe zikaendelea, lakini safu ya mwisho ilikuwa na neno moja.

Jumanne. Haujafika.

Jumatano. Haujafika.

Alhamisi. Haujafika.

Kicheko kilimkauka. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ya siku hiyo zilisema vilevile. Baba alikuwa nyuma yake na ndoo ya maji, na hakuonekana kama mtu aliyefumaniwa.

"Baba, hizi ni zile za mama?"

"Ndizo. Nafungua mmoja kwa siku, kwa mpangilio ulivyoingia. Posta hatuparamii barua."

"Lakini nilizifuta. Zote. Jumatatu ile."

Mzee aliweka ndoo chini polepole. "Kumbe. Ulisema inapumua, nikadhani bado haijamaliza kupumua. Nikasema ngoja niipe nafasi."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Baba akavuta kiti, akakaa, akawa anafuta vumbi la redio kwa kidole.

"Nilipiga hesabu," alisema. "Mmoja kwa siku, zingenifikisha miaka themanini na moja. Nikaona hapo panatosha, sina haja ya kudai zaidi. Lakini usijali, mwanangu. Zilikuwa takataka tu, na mtaalamu ni wewe."

Maneno yale hayakuwa na kejeli hata chembe, na hiyo ndiyo iliyouma. Fundi akajitetea kwa lililomjia mdomoni. "Miaka minne alikutumia, baba, hukufungua hata moja!"

"Kweli. Sikufungua," baba alisema. "Wewe ulifungua ngapi?"

Fundi alikaa sakafuni kwenye maji ya deki, akalia kwa kwikwi kama siku ya msiba. Baba hakumbembeleza wala hakumsukuma. Alimpa ile leso ya simu.

Kesho yake kibanda hakikufunguliwa. Mtu aliyekula jasho lake kwa kufuta maua ya watu sasa alizunguka mtaani kuyaomba. Alianza na binti wa dada yake, aliyemwonyesha simu ya marehemu iliyong'aa ndani kama sahani, kazi safi ya fundi mwenyewe. Kaka yake alikuwa amebadilisha simu. Akaenda kwa fundi cherehani, kwa mwalimu mstaafu, kwa muuza mkaa, wote walikuwa katika wale thelathini na wanane.

"Samahani, mwalimu. Una lile ua la mama? Lolote. Hata dubu."

"Dubu?" mwalimu alimtolea macho. "Si ulinifutia mwezi uliopita? Ulinigombeza na mkwe wangu akisikia. Ulisema mtu mzima hafugi dubu."

Kila mlango ulikuwa na jibu la namna hiyo. Simu za mtaa zilikuwa safi, zimepumua kupita kiasi, na kila mmoja alimpongeza tena kwa kazi nzuri. Bwana wa semina alijitahidi zaidi ya wote, akampa picha tatu za dari. Ilipofika saa nane mchana fundi alikuwa ameambulia patupu, na mlango uliobaki ulikuwa mmoja, ule ambao miaka yote aliupita akiwa ameziba pua kwa mzaha. Alipiga moyo konde, akabisha.

Kuingia kwa Bi Makopo kulihitaji kutembea ubavu. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na ndoo za rangi zimepangwa mpaka kwenye dari, upande wa pili maboksi ya televisheni tatu ambazo zenyewe zilikufa zamani, maboksi yakabaki. Feni nne zisizozunguka zilimtazama mgeni. Bibi alikuwa ameketi katikati, kwenye kiti kimoja kilicho wazi, anakunja mifuko ya plastiki pembetatu pembetatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunifagia?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kuomba. Zile picha za mama, za asubuhi. Nimezifuta za baba kwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya?"

"Kwa kujifanya najua."

Bibi aliendelea kukunja mpaka mfuko ukaisha. "Na mimi mnaniitaje huko kibandani?"

"Bibi, jamani."

"Niite. Nataka kulisikia kwa mdomo wako."

"Bi Makopo," fundi alisema, akiangalia sakafu, au kile kidogo cha sakafu kilichoonekana.

"Si baya," bibi alisema. "Nilidhani ni baya zaidi."

Aliinuka, akaingiza mkono ndani ya kopo la maziwa ya unga, akatoa simu mbili. Ya kwanza ilijaa, alieleza, akanunua ya pili, nayo imekaribia. Kufuta hakufikiriwa. Akazifungua kwenye namba ya marehemu, na fundi akaona miaka minne ikishuka chini ya kidole cha yule bibi bila pengo hata la siku moja. Chini ya kila ua la mama kulikuwa na ua lingine, la kujibu, baya kuliko la kwanza. Vikombe vilijibiwa kwa vikombe. Dubu alijibiwa kwa paka mwenye miwani.

"Watu thelathini na wanane," bibi alisema. "Mama yako alinihesabia mwenyewe, siku moja tumekaa hapo nje. Akasema, jirani, wewe ndiye unayenijibu peke yako. Wengine sijui kama wanapata. Nikamwambia wanapata, ila wana kazi. Nikakusingizia na wewe kazi."

Fundi alichomeka waya, akaanza kuzihamisha picha za mama kwenye simu ya baba, aliyokuwa amekuja nayo. Nafasi ilikuwepo tele. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitengeneza. Alihesabu kufuata tarehe, akazitenga zile sitini na mbili zilizokwisha andikwa, asije mzee akakuta barua imerudiwa. Bibi hakutaka malipo, ila aliposikia kibandani kuna kasha la chaja mbovu linalosubiri kutupwa, macho yalimwaka, na jioni hiyo fundi alilibeba kichwani mpaka kwake.

Asubuhi iliyofuata baba alivaa miwani, akaketi kwenye meza ya redio, akafungua daftari. Fundi alisimama nyuma ya kiti.

"Fungua zote, baba, tuhakikishe."

"Mmoja," alisema mzee. "Kesho ipo."

Ilikuwa dubu. Bila shaka ilikuwa dubu, amelala juu ya mwezi, akimtakia mpokeaji usiku mwema, na saa ya kutumwa ilikuwa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Mabega ya baba yakaanza kutikisika. Fundi aliogopa, mpaka alipoinama akaona mzee anacheka, machozi yanamtiririka, anacheka kama mtu aliyetekenywa.

"Usiku mwema!" alisema. "Asubuhi! Huyu mwanamke!"

Akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko ulionyooka: "Na. 63. Dubu. Ulicheleweshwa njiani na mfanyakazi mmoja. Umefika."

Fundi alirudi kibandani kwake. Yale maandishi mekundu hakuyafuta, maana kula ni lazima, na watu hawakuacha kupiga picha dari. Ila siku hizi kabla hajafuta humwuliza mteja swali moja, ua hili limetoka kwa nani, na wengine hulitazama mara mbili, kisha wanasema liache. Simu zinatoka nzito karibu vilevile zilivyoingia. Muuza viatu anasema jirani yake kazi imemshinda.

Wiki moja baada ya namba sitini na tatu, akiwa anapiga mswaki, simu yake mwenyewe ililia. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika tano. Baba alikuwa amemtumia ujumbe, wa kwanza maishani mwake, na ndani hakukuwa na salamu wala maelezo, kulikuwa na picha tu ya kutakia Jumapili njema. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Kidole cha fundi, kwa mazoea ya miaka sita, kilikwenda moja kwa moja kwenye alama ya pipa, kikasimama hapo.

Akaifungua picha, akaitazama vizuri, kama mtu anayejua ataulizwa. Lilikuwa ua la njano.